Usipite Kenol Umelala: Vidokezo 13 vya Kuzuru Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Wengi wetu tunaijua barabara ya Nairobi kwenda Nyeri kwa mambo mawili tu: ruracio, yaani sherehe za mahari, na mazishi. Unapanda gari alfajiri, unasinzia kabla ya Thika, unaamshwa mbele ya lango la watu, na jioni umesharudi mjini na udongo mwekundu kwenye viatu. Mlima hukuuona. Mji hukuutembea.

Wikendi hii nenda kama mtalii. Ndiyo, mtalii! Neno hilo si la wageni wa ng'ambo peke yao. Anzia Kenol, mji wa Murang'a ulioko kama kilomita 60 kutoka Nairobi, uliopata jina lake kutokana na kituo cha mafuta na ambao siku hizi haulali. Hapo ndipo unapoanza mradi wa upanuzi wa barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84, unaokufikisha mlangoni mwa Nyeri, mji uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati hadi kaunti zilipoanza mwaka 2013. Siku mbili zinatosha kuonja, tatu zinatosha kushiba. Shika begi, twende.

1. Kiti cha kulia, tafadhali

Kidokezo cha kwanza hakikugharimu hata shilingi. Ukipanda matatu ya kuelekea juu, kaa dirishani upande wa dereva. Ukishapita Sagana, mbingu ikiwa safi, Mlima Kenya uko upande huo, na kadiri barabara inavyopinda ndivyo unavyojitokeza na kujificha. Ukirudi, hamia kushoto.

Na nauli? Uliza kabla ya kuketi. Ijumaa jioni, siku za sikukuu na wiki ya kufungua shule bei hupanda. Kama unashukia Kenol, usipande gari la Nyeri ukalipa nauli ya safari nzima. Tafuta linaloenda Kenol au Murang'a. Magari ya masafa marefu kama ya 2NK yaweke kwa siku unayotaka kufika Nyeri moja kwa moja bila kusimama.

2. Agiza nyama kwanza, kisha tembea

Mgeni akifika Kenol huketi mezani, akaagiza, kisha akaanza kutazama saa. Mwenzangu, nyama choma haikimbizwi! Mbuzi hukaa motoni karibu saa nzima, na ile iliyoharakishwa utaijua kwa meno. Fanya hivi: ingia buchari moja kwa moja, chagua kipande kikiwa bado kimening'inia, kipimwe mbele ya macho yako, uliza bei ya kilo na kama kuchoma kunalipiwa kando. Mbavu ni za anayependa kuguguna mfupa. Mguu ni wa mwenye njaa ya kweli. Acha namba yako ya simu, kisha ondoka.

Sasa una saa nzima ya kuijua Kenol. Zunguka sokoni. Huku chini, kuelekea Makuyu, kuna joto na maembe hukubali sana. Kutoka miinuko ya juu huteremka parachichi na ndizi. Murang'a ni kaunti inayojulikana kwa parachichi, na hapa unayapata kabla hayajapandishwa bei na safari ya kwenda Nairobi. Bonyeza kwa kidole karibu na kikonyo: likilegea kidogo, ni la leo, likiwa gumu, ni la kubeba. Njiani kuna mutura, soseji ya kienyeji, kwenye jiko la kando. Onja vipande viwili vitatu na kachumbari, usishibe. Ukirudi, nyama inakatwa ubaoni.

Huli nyama? Hoteli ndogo za stejini zina githeri, mukimo na chapati kwa maharagwe, na ni chakula cha maana, si cha kufidia. Na wewe msomaji Mwislamu, uliza buchari ya Waislamu kabla ya kuagiza. Ukikosa hapa, Nyeri na Nanyuki ni miji yenye misikiti na jamii za Waislamu za tangu zamani. Hapo utaelekezwa vizuri.

3. Chepuka Murang'a, kuna picha zinakungoja

Hiki ndicho kidokezo ninachokipigania kuliko vyote, kwa sababu ndicho watu wanachokiruka. Pale Kenol barabara inagawanyika. Moja inanyooka kuelekea Sagana. Nyingine inakata kushoto kupitia Maragua hadi mji wa Murang'a, ule ulioitwa Fort Hall enzi za mkoloni. Chukua hiyo ya kushoto.

Katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, lile la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, kuna michoro mitano mikubwa ukutani iliyochorwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, msanii aliyezaliwa upande wa Kilimanjaro, Tanzania. Alisimulia maisha ya Yesu, kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, lakini akayaleta hapa hapa: watu ni Waafrika, nyumba ni za Kikikuyu, vilima ni vya Murang'a. Kumbuka ni miaka gani hiyo. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari, vijiji vimezungushiwa mitaro, watu wanauana. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka waliouawa wakati ule. Kisha anatokea kijana na rangi zake na kumchora Mwokozi akiwa mmoja wa watu wa vilima hivi. Njau ndiye baadaye aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Mtu hulipa nauli ya ndege kwenda kutazama michoro ya makanisa ya Italia. Hii iko mwendo mfupi wa matatu kutoka kwenye nyama yako. Fika siku ya kazi au Jumamosi, salimia ofisini, omba kufunguliwa. Jumapili kuna ibada, na ibada si wakati wa kupiga picha.

Ukiwa na nusu siku zaidi, uliza njia ya Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo mapokeo ya Wagikuyu yanasema Gikuyu na Mumbi waliishi na binti zao, ambao koo zote zimetokana nao. Usitarajie jengo la fahari. Unakwenda kusimama mahali ambapo taifa zima linasema, "Tulianzia hapa." Mpate mwenyeji akusimulie, bila msimulizi utaona miti tu.

Kisha usirudi Kenol! Kutoka Murang'a kuna njia ya kupanda kupitia Kiriaini na Othaya hadi Nyeri. Ni ya kona nyingi na gari haliendi mbio, lakini utapita katikati ya mashamba ya kahawa, halafu majani chai, kijani juu ya kijani. Othaya ni nyumbani kwa Mwai Kibaki, Rais wa tatu wa Kenya, na bwawa la Chinga liko jirani. Ukiwa mtu wa kutapika kwenye kona, kaa mbele na usile sana kabla. Nimekwambia.

4. Sagana ni ya kulowa

Umechagua njia iliyonyooka? Basi simama Sagana. Mto unaoporomoka hapa ni ule unaokua na kuwa Tana, mrefu kuliko yote Kenya, na kampuni za michezo ya maji huwashusha wageni kwenye mikondo yake kwa mashua za mpira. Kwa anayependa kupiga kelele kwa furaha, hapa ndipo. Piga simu siku mbili kabla, uliza hali ya maji, na ukiambiwa mto umefurika, kubali. Kwa asiyetaka kulowa, kuna samaki. Agiza wa kukaanga, na ugali.

5. Sweta si mapambo

Hasa wewe wa Mombasa, Tanga au Unguja, sikiliza hapa. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Juni hadi Agosti jua linaweza kujificha siku nzima, ukungu ukalala barabarani na manyunyu yasikatike. Beba sweta, soksi nzito na koti jepesi la mvua hata kama umetoka Kenol ukitokwa jasho. Machi hadi Mei ni mvua kubwa, na udongo mwekundu hunata. Viatu vyeupe viache nyumbani. Ukitaka anga safi, Januari na Februari ndiyo miezi yako.

6. Amka kabla ya mawingu

Mlima hauonekani kwa wapenda usingizi. Asubuhi saa kumi na mbili hadi saa tatu hivi ndiyo nafasi yako. Baada ya hapo mawingu hupanda na kuufunika, na unaweza kukaa siku nzima chini yake bila kuamini kwamba upo. Kwa hiyo fika Nyeri jioni, ulale, uweke kengele ya simu. Ukiwa mjini tazama kaskazini mashariki: jua likichomoza huku huku, vilele hujichora vyeusi kwanza, kisha barafu hushika rangi. Batian, mita 5,199, ndicho kilele kirefu zaidi. Nelion kiko ubavuni mwake, mita 5,188.

Unapoweka nafasi ya chumba, usiulize tu bei na kifungua kinywa. Uliza: "Dirisha linatazama mlima?" Swali moja hilo linaweza kukupa chumba kizuri zaidi kwa pesa zile zile.

7. Nyeri itembee kwa miguu

Mji wenyewe si mkubwa, ila una mteremko, kwa hiyo vaa viatu vya kutembelea na uache begi chumbani. Anza katikati, kwenye Bustani ya Whispers, inayobeba jina la safu ya Wahome Mutahi, mwandishi mcheshi mzaliwa wa Nyeri aliyefariki mwaka 2003. Kwa miaka mingi Wakenya walifungua gazeti la Jumapili wakimtafuta yeye kwanza. Keti kidogo, nunua karanga, watazame watu wanavyopita. Nyeri ni mji wa wanafunzi, wakulima waliokuja benki, mawakili, watawa na wachuuzi, na wote hao utawaona kabla ya karanga kuisha.

Kutoka hapo nenda makaburi ya Mtakatifu Petro. Amezikwa hapo Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Tazama jiwe lake: kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njia wanayoitumia maskauti kusema msafiri amekwenda nyumbani. Kama una mtoto skauti, usimwambie mapema. Mwache aitambue mwenyewe, utafurahi. Katika makaburi hayo hayo yupo Jim Corbett, mwindaji wa simba marara wa India aliyegeuka mwandishi na mtetezi wa wanyama, aliyefariki mwaka 1955. Wote wawili waliwahi kuishi katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, ndani ya uwanja wa hoteli ya Outspan, na bado unaweza kuizuru. Chai pale bustanini ni ghali kuliko ya stejini, lakini unalipia utulivu na maua pia. Kikombe kimoja hakikufilisi.

Sasa panda boda hadi Ruring'u, kwenye makumbusho ya Nyeri. Jengo lenyewe ni la mwaka 1924, na lilikuwa mahakama ya Waafrika wakati wa ukoloni. Watu wengi huenda Outspan wakaishia hapo, wakarudi nyumbani wakidhani historia ya Nyeri ni ya Waingereza waliopenda hali yake ya hewa. Usifanye hivyo. Ukiwa umetoka kwenye kaburi la Baden-Powell, Ruring'u inakuonyesha upande wa pili wa meza, pale aliposimama mshitakiwa.

8. Wazee kwanza, kamera baadaye

Uko katika nchi ya wapiganaji wa msituni waliompinga mkoloni. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alizaliwa Tetu, hapa Nyeri. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 akitoka msituni, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Chuo kikuu kilichoko nje kidogo ya mji kinaitwa kwa jina lake. Muthoni Kirima, mwanamke aliyepanda hadi cheo cha Field Marshal, aliishi hapa hapa na akafariki mwaka 2023. Mambo haya bado yana watoto na wajukuu walio hai, na wengine ni wa wale waliokuwa upande wa walinzi wa mkoloni. Vidonda viko karibu na ngozi.

Kwa hiyo, mbinu. Ukimkuta mzee amekaa mbele ya duka, msalimie kwanza. "Wĩ mwega, guka?" kwa babu, "Wĩ mwega, cũcũ?" kwa bibi, matamshi yako yakipinda watacheka kwa upendo, na mlango umefunguka. Keti. Zungumza habari za mvua, za kahawa, za wajukuu. Akiamua kukusimulia ya zamani, sikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Picha omba mwishoni, na ukikataliwa, mshukuru vile vile. Usianze kwa kumuuliza, "Ulikuwa upande gani?" Chai ukimnunulia, si malipo, ni adabu.

9. Kahawa inywe inakomea

Hapa kuna jambo la kushangaza: uko katikati ya kahawa inayosakwa na wachomaji wa Ulaya na Marekani, na hoteli nyingi zitakuletea chai ya maziwa. Chai ni tamu, sina neno nayo. Lakini omba kahawa ya hapa kwa jina lake, ya Othaya, ya Tetu, ya Mathira, na uulize ilichomwa lini. Kahawa ya Nyeri ina uchachu mtamu kama wa zambarau mbivu, kwa hiyo ionje kwanza bila maziwa wala sukari, mikupuo miwili tu. Baadaye fanya utakavyo.

Ukija kati ya Oktoba na Desemba utakuta mavuno makuu: wanawake na wanaume migongo imeinama, matunda mekundu yakidondokea ndooni, foleni za magunia kwenye viwanda vya vyama vya ushirika. Unaweza kuomba kuona jinsi yanavyomenywa, kuchachushwa, kuoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Nenda asubuhi umwombe meneja ruhusa; mchana wakulima huanza kuleta mavuno na hapana mtu mwenye nafasi ya mgeni. Na ununue ya kubeba nyumbani hapa hapa, kutoka kwa chama au duka la mjini. Mkulima wa kahawa amelia vya kutosha kuhusu malipo yake. Kila pakiti inayochomwa na kuuzwa nyumbani inambakizia kitu.

10. Msitu au mlima? Chagua kimoja

Tamaa ndiyo inayoharibu wikendi. Ukitaka kufanya Aberdare na Mlima Kenya kwa siku moja, utaona barabara tu.

Aberdare iko upande wa magharibi, ina maporomoko, mianzi, tembo na nyati. Karuru, maporomoko ya hatua tatu, yanashuka jumla ya mita 273. Kwenye ukingo wa msitu ipo Treetops, ambako Binti mfalme Elizabeth alilala Februari 1952, usiku ambao baba yake alifariki Uingereza. Habari alizipata siku iliyofuata akiwa Sagana Lodge, huku huku Nyeri. Barabara za ndani ya hifadhi zinahitaji gari lenye nguvu ya magurudumu yote, na mvua ikinyesha nyingine hufungwa. Mwitane watu wanne au watano, mkodishe gari pamoja. Kiingilio hulipwa kwa simu au kadi, si noti, na Mkenya hana budi kuwa na kitambulisho ili apate bei ya mwananchi. Hakikisha malipo yamepita ukiwa bado mjini, kwenye mtandao wa kuaminika.

Mlima je? Huhitaji kuwa mwanariadha. Kutoka lango la Naro Moru, takriban mita 2,400, kuna njia ya kupanda hadi kituo cha Met Station, mita 3,050, yapata kilomita kumi. Unapita msitu, unapumzika, unarudi siku hiyo hiyo ukiwa umechoka kwa raha. Chukua mwongozaji mwenye leseni. Nyati hasomi ramani. Wanaotaka Lenana, mita 4,985, wapange siku nne au tano na mavazi ya baridi kali, na wapande polepole ili mwili uzoee hewa nyepesi.

Kwa vyovyote vile, kumbuka unatembea katika msitu uliotetewa. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akaanzisha shirika la upandaji miti la Green Belt Movement mwaka 1977, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Chupa yako ya plastiki irudi nayo mjini.

11. Nanyuki kwa saa chache

Ni kama kilomita 60 kutoka Nyeri, na mstari wa ikweta unapita hapo. Piga picha kwenye bango, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Vijana wa pale watakuonyesha maji yakizunguka kwenye beseni upande huu na upande ule. Mzunguko wa dunia hauwezi kuyageuza maji ya beseni. Ni ufundi wa mkono wao. Mchezo lakini unachangamsha, na mjomba anayeuendesha anategemea kidogo utakachompa. Mpe.

Kuna pia treni ya abiria ya Nairobi hadi Nanyuki, iliyofufuliwa mwaka 2020. Inapita Sagana na Karatina, mwendo wake ni wa taratibu, na si ya kila siku, hivyo ulizia ratiba wiki hiyo hiyo. Kwa wenye watoto, hiyo ndiyo safari watakayoisimulia shuleni.

12. Usiku ni wa mugithi

Umeshinda ukipanda vilima, sasa uketi? Hapana! Jumamosi usiku, kuanzia Kenol hadi Nanyuki, kuna mtu mmoja na gitaa lake na ukumbi mzima unaoimba naye. Mjini Nyeri, ulizia Kamakwa. Mugithi huanza watu wakiwa wamekaa. Baada ya nyimbo chache mtu anasimama, anashikwa mabega na wa nyuma yake, na mara msafara unazunguka meza. Hujui Kikuyu? Shika mabega, fuata mguu wa mbele yako.

Kabla hujatoka hotelini, omba mapokezi wakupe namba ya dereva wanayemwamini, na mpatane naye bei na saa ya kukurudisha. Weka pesa ya usiku kando, simu mfukoni mwa mbele, na glasi yako usiiache peke yake mezani. Atakayeendesha gari asiguse pombe. Barabara ya milimani usiku ina ukungu na malori.

13. Karatina iwe ya kurudi

Usinunue viazi ukienda, ukavibeba wikendi nzima! Soko la Karatina lipange kwa safari ya kurudi. Ni miongoni mwa masoko makubwa zaidi nchini: kabichi, karoti, viazi, njahi, nduma, nguo za mitumba, viondo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Karatina ilikuwa na kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi, na wakulima wa hapa waliizalishia mboga hizo. Mikono hii ilizoea kulisha watu wengi zamani sana.

Zunguka mara moja bila kununua, ukisikiliza bei. Mara ya pili ndipo ununue. Beba noti ndogo. M-Pesa inapokelewa karibu kila mahali, lakini mama wa mafungu matatu ya dania hapendi kukatwa ada kwa shilingi hamsini. Kiondo kikague mshono wa chini na mahali ngozi inaposhikana na ususi, kisha patana kwa uso mkunjufu. Ukipunguziwa mara moja, lipa. Aliyekisuka alikaa nacho siku nyingi mapajani.

Na upange muda. Jumapili jioni kila aliyepanda anateremka, nauli inapanda, na foleni hujaa kuelekea Thika. Uwe umeshatoka Nyeri saa nne asubuhi, Karatina saa tano, na kwenye gari kabla ya saa nane mchana. Kumbuka, kiti cha kushoto.